Masizi na Chokaa

Shaame Makame ameketi kwenye kigoda,
ghorofani, Utaani, mjini Wete.
Alasiri inamwingia upande mmoja tu wa uso.
Nimemwambia: usicheke, usijikune, usinitazame mimi,
tazama ule msumari ukutani.
"Msumari una nini?"
Hauna kitu. Ndiyo sababu.

Rangi ninayo moja.
Nimeikwangua chini ya sufuria ya Bi Mize,
mkaanga mandazi wa hapa chini
(aliniuliza kama nimekosa kazi),
nikaisaga kwa chupa, nikatia utomvu wa mkorosho
na subira, ambayo Wete haipimwi kwa kibaba.
Masizi mazito ni usiku wa chini ya kidevu.
Masizi na maji ni shavu.
Maji yaliyoonyeshwa masizi tu, kisha yakaondolewa,
ni paji la uso.

Yeye ni mpaka chokaa, mwaka wa thelathini huu:
skuli, hodhi za misikiti, wodi ya wazazi,
mashina ya minazi kando ya njia
siku anayopita mgeni rasmi.
Imemkaa kwenye nyusi, imemkaa kwenye mikunjo ya vidole,
ameoga kwa ajili yangu na haikutoka.

Dakika ya ishirini mguu umekufa ganzi.
Dakika ya arobaini amesahau kuwa anatazamwa
na hapo uso unashuka
kama pazia lililokatwa kamba:
taya linalegea, mdomo unaacha kujitetea,
yule aliyekuja na kanzu ya Ijumaa anaondoka zake
anabaki mtu.
Haraka, brashi, haraka,
kabla yule wa kanzu hajarudi.

"Na nyeupe umeiweka wapi? Sioni kopo."
Sina.
"Fundi huna nyeupe!"
Nyeupe ni karatasi, Shaame. Ni pale nisipopagusa.
Alilifikiri neno hilo kwa shingo,
mshipa ulipanda, ukashuka.
"Basi," akauambia msumari,
"kazi yangu mimi kuweka, kazi yako wewe kuacha."
Nyamaza, nikasema, mdomo bado mbichi.

Jua halikai kigodani.
Kivuli cha pua kimevuka mdomo, kimeshika kidevu,
nami nakifuata, nafuta, nakosa, nafuata.
Pua ni ya saa tisa, shavu la saa kumi,
shingo nimeiwahi muadhini akikohoa kwenye kipaza sauti.
Uso mmoja, saa tatu.
Nani ataniambia ni ipi aliyokuwa yeye?

Aliinuka akiushika ukuta.
Akaitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya deni.
"Sikio la marehemu baba," akasema.
"Mengine siyajui."
Akanyoosha mkono, si kwa ubaya,
akaligusa shavu lake lililokuwa bado na umaji.

Dole gumba.
Palipokuwa kivuli pakabaki alama nyeupe,
mistari midogo inayozungukana
kama mwanzo wa kitanga cha ukili.
"Nimekuharibia! Lahaula, nimekuharibia."
Brashi ilikuwa imejaa mkononi mwangu.
Tone moja lingetosha, na hata yeye alikuwa akilingoja.
Sikulitia.
Miaka yote hii sijapata kupaka nyeupe,
sasa ninayo moja, na si yangu.

Nilimlipa. Alihesabu, akarudisha elfu mbili:
za shavu, akasema.
Kwenye ngazi akageuka. Kesho hawezi kuja,
anapaka jiko la Bi Mize,
ukuta wote masizi, tangu mumewe yu hai.

Niachie pembe moja, nikamwomba.
"Kiasi gani?"

Kiasi cha uso.